Mchicha mwekundu au terere: upi wa kupanda nyuma ya nyumba hapa Nairobi?

Nianze na jibu, maana huenda umesimama ndani ya agroveti ukiwa na pakiti mbili mkononi. Kama kipande chako cha ardhi kinapigwa na jua tangu asubuhi hadi alasiri, na unapenda mboga changa, laini, ya kung'oa mara moja ikaisha, chukua mchicha mwekundu. Kama unataka mboga ya kukata wiki baada ya wiki, ya kulisha nyumba yenye watoto wa shule na wageni wasiopiga simu kabla ya kuja, chukua terere, yaani mchicha wa kijani. Na kama mwezi ni Juni au Julai, pakiti ya mwekundu irudishe kwenye rafu hadi Septemba.

Ukiwa na nafasi ya zote mbili, heri. Lakini wengi wetu tuna kijisehemu kati ya ukuta na kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo tuzilinganishe vizuri.

Kwanza, mwekundu upi?

Mchicha unaouzwa kwa jina la mwekundu huwa ni mmoja kati ya miwili, na tofauti yake ni kubwa kuliko picha ya kwenye pakiti inavyoonyesha. Wa kwanza ni Amaranthus tricolor, asili yake Asia. Ni mfupi, majani yake mapana na laini. Kuna ulio mwekundu kuanzia mzizi hadi ncha ya jani, na kuna wenye doa jekundu katikati na ukingo wa kijani. Huu ndio unaopikwa sana India na Bangladesh, na ndio ninaouzungumzia hapa nikisema mwekundu bila kufafanua. Wa pili ni Amaranthus cruentus wa rangi ya damu ya mzee, asili yake Amerika ya Kati. Huu hurefuka ukampita mtu kimo, na ni jamaa wa karibu kabisa wa ule mchicha wa nafaka unaosagwa ukatiwa kwenye unga wa uji.

Ukiiacha ichanue utaitofautisha papo hapo: tricolor hubana maua yake mengi kwenye makwapa ya majani, kando ya shina, ilhali cruentus huinua mkia mrefu kileleni. Shida ni kwamba dukani huoni maua. Mbegu zote mbili huwa ndogo, nyeusi, zinazong'aa. Soma jina la kisayansi nyuma ya pakiti. Kama halipo, muulize muuzaji kama mmea huishia magotini au hufika kichwani. Asipojua, nunua pakiti ndogo.

Terere nayo si moja. Iko ya majani mapana inayouzwa kwa pakiti, na iko ile inayojiotea yenyewe kila mvua ikinyesha, ambayo bibi zetu hawakuwahi kuinunulia mbegu. Zote zinalika. Ila ukikutana na yenye miiba kwenye vifundo vya shina, hiyo ni Amaranthus spinosus. Inalika pia ikiwa michanga, lakini vidole vyako vitakulaumu.

Halafu kuna wanaochota kiganja cha nafaka ya mchicha, zile mbegu za rangi ya maziwa za supamaketi, na kuzimwaga shambani. Kama hazijakaangwa zitaota, na majani yake yanalika. Tatizo ni kwamba mmea huo ulichaguliwa kwa ajili ya mbegu. Utakupa shuke kubwa la maua wakati wewe unangoja majani.

Baridi ndiyo inayoamua

Mchicha wote ni mmea wa joto. Hutumia mwanga wa jua kwa njia ileile ya mahindi na mtama, ndiyo maana Kisumu au Mombasa unaota utadhani unafukuzwa. Nairobi ni habari nyingine. Embakasi iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kuelekea Dagoretti na Karen unafika karibu mita 1,800 au zaidi. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na mchana jua linaweza kujificha nyuma ya mawingu wiki nzima.

Terere huvumilia hali hiyo kwa kunung'unika. Itachelewa, majani yatakuwa madogo, lakini itakupa kitu cha kutia sufuriani. Mwekundu haunung'uniki, unasimama tu. Mbegu ambayo Februari ingetokeza kwa siku 3 hadi 5 itakaa ardhini siku 10, na ikitokeza, mche hukaa na majani mawili huku kinyaushi, ugonjwa wa kuoza miche, kikiula shingoni, pale shina linapokutana na udongo. Unaamka asubuhi unakuta umelala chini. Watu husema mbegu zilikuwa mbovu. Mara nyingi mbegu hazina kosa. Ni udongo baridi uliojaa maji.

Kwa hiyo kalenda yangu ya mwekundu ni hii: kuanzia Septemba hadi Machi. Septemba na mapema Oktoba ndiyo bora kupita zote, kwa sababu udongo umeshapata joto na mvua za vuli ziko njiani. Januari na Februari ni nzuri pia kama una maji, na hapa kila mtu anajua mgao wa mtaa wake. Aprili sikushauri sana. Si kwa sababu ya baridi, bali ni zile mvua za masika zinazopiga ardhi na kuzisukuma mbegu zote hadi kwenye mtaro. Terere mwage mwezi wowote, ukijua kwamba Juni hadi Agosti utaingoja.

Kivuli nacho ukihesabu. Rangi nyekundu inatokana na betasianini, na mmea huitengeneza kwa wingi unapopata mwanga mkali. Ukiupanda mwekundu nyuma ya gorofa ambako jua linafika kwa masaa mawili, utapata mboga ya rangi ya kahawia-kijani, nyembamba, inayorefuka kutafuta mwanga. Terere haitafurahi huko, lakini haitakuwa na rangi ya kupoteza. Pungufu ya masaa 6 ya jua kamili kwa siku, nenda na kijani.

Kumwaga mbegu au kuanzia kitaluni

Hapa ndipo watu huharibu, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Gramu moja ya mbegu za mchicha ina zaidi ya mbegu elfu moja. Kipimo kinachotosha ni nusu gramu hadi gramu moja kwa mita moja ya mraba, yaani kile kinachoshikwa kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, mara mbili tatu. Mtu akiona kitu kidogo hivyo huona haya, akamwaga pakiti nzima, kisha anapata zulia la miche inayokabana koo. Changanya mbegu na mchanga mkavu, kiasi cha vikombe viwili, ndipo umwage. Mchanga unakuonyesha mahali ulipokwisha kupita na unazizuia mbegu zisidondoke kwa mafungu.

Lainisha udongo hadi usiwe na bonge hata moja kubwa kuliko punje ya mahindi. Chora vifereji vya kina cha nusu sentimita, umbali wa sentimita 15 hadi 20 kati ya kimoja na kingine, mwaga, kisha funika na samadi iliyooza na kuchekechwa. Usifukie kwa udongo mzito. Mbegu ya milimita moja haina nguvu ya kuinua tope lililokauka. Funika juu kwa nyasi kavu chache na mwagilia kwa mkebe uliotobolewa matundu madogo, asubuhi na jioni. Ukiona ncha za kwanza, ondoa nyasi siku hiyohiyo, la sivyo miche itapauka na kulegea.

Udongo nao unatofautisha mitaa. Walio upande wa Kikuyu, Kawangware au Kileleshwa wana udongo mwekundu unaopitisha maji, na wote wawili huota bila maneno. Walio South C, Embakasi, Syokimau na Kitengela wana ule mweusi wa mfinyanzi, unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Hapo inua tuta sentimita 20, changanya samadi nyingi na mchanga kwenye tabaka la juu, au hamia kwenye gunia. Mwekundu hasa hauwezi kusimama na miguu majini.

Sasa faida moja kubwa ya mwekundu ambayo sijaona ikitajwa inavyostahili: palizi. Udongo wa Nairobi, na hasa samadi ya ng'ombe wanaochungwa kando ya barabara, umejaa mbegu za mchicha pori ambazo hukaa ardhini miaka mingi zikingoja. Ukimwaga terere ya pakiti, baada ya siku chache kitanda kizima ni kijani, na huwezi kujua ipi ni uliyonunua na ipi ni iliyojileta. Unang'oa mtoto unaacha mgeni. Ule mwekundu mzima huzaliwa mwekundu. Yale majani mawili ya kwanza kabisa tayari yana rangi, hivyo kila cha kijani kwenye mstari ni magugu; hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza kukupalilia. Kwa anayeanza bustani, hilo peke yake linaweza kushinda sababu nyingine zote.

Je, kitalu kina haja? Kwa terere, ndiyo, kama unataka mimea michache mikubwa ya kukata kwa muda mrefu. Mwage kwenye karai lenye matundu, uhamishe miche baada ya takriban wiki 3 ikiwa na majani manne au matano, nafasi ya sentimita 30 kila upande. Hamisha jioni, mwagilia, tia kivuli siku mbili. Kwa mwekundu sioni maana. Unaliwa ukiwa mchanga, na mche uliovunjwa mzizi mkuu hukasirika ukatoa maua kabla hujala mara mbili. Mwage palepale utakapong'olewa.

Kung'oa au kukata

Mwekundu ni wa kung'oa. Ukifika sentimita 15 hadi 20, ambayo katika joto ni wiki 3 au 4 na katika baridi ni 5 au 6, shika shina chini, vuta, kata mizizi, osha. Hupunguzi majani, unakula shina lote. Kisha unalainisha mstari huo na kumwaga tena. Ukigawanya kitanda vipande vitatu na kumwaga kimoja kila baada ya wiki mbili, utakuwa na mboga changa msimu mzima.

Unaweza kuukata badala ya kuung'oa, na utachipua, lakini machipukizi ya pili huwa madogo na hukimbilia maua. Nairobi iko chini kidogo tu ya ikweta, mchana wake ni karibu masaa 12 mwaka mzima, na mchicha mwingi huchanua pale mchana unapokuwa mfupi. Maelezo ya pakiti zilizochapishwa Ulaya au Marekani, ambako mchana wa kiangazi hufika masaa 15, hayakufai. Yanakuahidi miezi ya majani. Hapa ukiuacha mmea na kiu kidogo tu, unachanua.

Terere ndiyo ya kukata. Ikifika sentimita 20 hadi 25, kata kilele ukiacha shina la sentimita 10 au 15 lenye majani machache. Matawi yatatoka ubavuni, nawe utarudi kila baada ya siku 10 hadi 14. Ukiona kichwa cha maua kinajitokeza, kikate kabla hakijafunguka. Kwa maji ya kutosha na konzi ya samadi baada ya kila mkato, mmea mmoja hukulisha miezi miwili hivi. Mbolea ya chumvichumvi ukiitia, tia kidogo: mchicha hupenda kulimbikiza naitreti majanini, na hutaki kuila.

Kwa upande wa uzito wa mboga kwa msimu, sina shaka, terere inashinda. Kwa upande wa ulaini, mwekundu.

Kwenye gunia nazigawa hivi: terere kwenye matundu ya ubavuni, kwa sababu huko hutarudi kumwaga mbegu kila mwezi, na mwekundu juu kwenye mdomo wa gunia ambako kuna jua na mkono unafika. Maji ya kumwagilia yawe ya mfereji, ya mvua, au yaliyooshea mchele. Ya mto unaopita karibu na viwanda au mabomba ya maji taka usiyaguse. Majani ya mchicha huvuta madini mazito kama risasi na kadimiamu, na kuosha hakuyatoi.

Wadudu

Kuna wanaosema mwekundu haushambuliwi. Hiyo si kweli. Viwavi wa nondo Spoladea recurvalis, ambao watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, wamewashughulikia sana, hula wote wawili; huvuta majani yakajikunja kwa nyuzi nyeupe na kubaki vishipa tu. Wakati wa mvua pindua majani mara mbili kwa wiki na uwaponde kwa mkono. Vidukari hujificha chini ya jani. Maji yenye sabuni kidogo huwatosha. Januari hadi Machi, ukavu ukizidi, utitiri mwekundu huja, na kwenye jani jekundu utachelewa kumwona. Vidonda vyeupe vilivyovimba chini ya jani ni kutu nyeupe, na hapo dawa ni kung'oa mmea na kupunguza msongamano.

Kwa kuwa mwekundu hukaa ardhini wiki chache tu, mara nyingi unakuwa umeshaula kabla wadudu hawajaongezeka. Hiyo ndiyo kinga yake, wala si rangi.

Sufuriani

Terere haihitaji maelezo: kitunguu, nyanya, moto mkali, iache kabla haijalegea sana, ugali pembeni. Huchanganywa vizuri na managu kupunguza uchungu, na kunde kuongeza uzito.

Mwekundu utakupa maji ya waridi. Rangi yake huyeyuka majini, kwa hiyo ugali unaogusa mchuzi utageuka, na fulana nyeupe ya shule ikidondokewa, pole. Usiuchanganye na sukuma wiki. Sufuria nzima hugeuka rangi ya tope na hakuna atakayeamini ni chakula. Upike peke yake, kitunguu saumu na kitunguu maji, dakika 4 au 5, chumvi, basi. Au nazi, kama nyumbani kwako mnapika pwani. Ukipikwa kwa muda mrefu rangi hufifia na huna tena sababu ya kuupanda. Ladha yake ni tamu kidogo kuliko terere, na shina lake changa halina nyuzi.

Wauzaji watakwambia unaongeza damu. Wekundu wa jani si madini ya chuma. Ni ile betasianini, na haigeuki kuwa damu mwilini. Madini ya chuma yamo, lakini yamo kwenye terere pia, pamoja na kalisi na beta-karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Anayetaka chuma hicho kimfae akamulie limau au apike na nyanya, kwa sababu vitamini C husaidia kukifyonza, na chai ya maziwa aisogeze mbele saa moja au mbili. Chai pamoja na chakula huzuia chuma kufyonzwa, na nyumba nyingi hapa mjini haziachi thermos itoke mezani.

Wote wawili wana oksaleti, chumvi zinazochangia mawe ya figo. Mwenye historia ya mawe kwenye figo achemshe na kumwaga maji, na hapo tena mwekundu unapoteza: maji ukimwaga, umemwaga na rangi.

Mbegu za msimu ujao

Acha mimea mitatu au minne iliyochelewa zaidi kuchanua, si ile iliyowahi, kwa sababu utarithi tabia hiyo. Maua yakikauka, yapukuse kiganjani. Mbegu nyeusi zikidondoka kirahisi, kata vichwa, anika juu ya shuka kivulini, pepeta kwa ungo. Mmea mmoja mkubwa wa terere unaweza kutoa mbegu makumi ya maelfu. Mbegu mbichi za mchicha wakati mwingine hulala usingizi wiki kadhaa kabla ya kukubali kuota, basi usizihukumu mapema. Zihifadhi kwenye chupa kavu, mbali na jiko.

Tricolor hauchanganyiki kirahisi na terere zetu, kwa hiyo watoto wake watafanana nao. Ule wa damu ya mzee, cruentus, hupokea chavua ya mchicha pori wa jirani kupitia upepo, na msimu unaofuata baadhi ya miche hutokea ya kijani au ya waridi iliyopauka. Hiyo ing'oe ikiwa midogo, uitie kwenye sufuria ya siku hiyo, na ile yenye rangi uliyoitaka uiachie nafasi.